An-Nahw al-Wadih darasani: kinunuliwe na mwalimu, si mwanafunzi

Walimu wapya wa Kiarabu huniuliza swali lilelile kila muhula ukianza: wanafunzi tuwaagizie kitabu gani cha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu? Na kabla sijajibu, mmoja wao huwa ameshataja An-Nahw al-Wadih. Jibu langu limekuwa moja kwa muda mrefu sasa. Nunua wewe, mwanafunzi usimnunulishe. Kama ni nyota, mezani kwa mwalimu nakipa nne na nusu. Kwenye mkoba wa mtoto anayeanza, mbili, na moja kati ya hizo ni ya heshima.

Kwa asiyekijua: kiliandikwa Misri katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 na Ali al-Jarim na Mustafa Amin. Al-Jarim, aliyezaliwa mjini Rashid mwaka 1881 na kufariki mwaka 1949, alikuwa mshairi, mkaguzi wa somo la Kiarabu, na mmoja wa wanachama wa mwanzo wa Baraza la Lugha ya Kiarabu la Cairo. (Mustafa Amin huyu si yule mwandishi wa magazeti. Watu huwachanganya.) Juzuu ni sita: tatu za shule ya msingi, tatu za sekondari, na mara nyingi utazikuta zimefungwa tatu tatu pamoja. Mimi nazungumzia hasa zile za msingi, maana ndizo ninazofundishia.

Kilichonifanya nikipende ni mpangilio wake. Kila somo linakwenda mwendo mmoja: kwanza mifano, halafu mjadala unaoipekua mifano hiyo neno kwa neno, halafu ndipo kanuni, mistari miwili mitatu tu, halafu mazoezi, na mazoezi ni mengi kwelikweli. Kanuni haiji mpaka mwanafunzi awe ameshaiona ikifanya kazi. Waliopita kwenye al-Ajurrumiyya, matini ya kale ya nahau, wanaujua mwendo wa kinyume. Ibn Ajurrum wa Fes, aliyefariki mwaka 1323, anakufungulia kwa tarifa, yaani fasili, ya "kalam" (maneno yenye maana kamili), kisha anakugawia mafungu matatu, ismu na fi'ili na harfu (nomino, kitenzi na neno la kuungia), na wewe unakariri. Mfano utakuja ustadhi akiuleta. Simo katika wanaoidharau matini ile. Ni fupi, inakaa kichwani umri mzima, na mwanafunzi mkubwa anayetaka kuingia kwenye vitabu vya fiqhi na tafsiri hana budi kuipitia. Ila mtoto wa miaka kumi na miwili ukimwanzishia tarifa, atakusomea tarifa. Mwambie aonyeshe faili, yaani mtenda, kwenye sentensi aliyoiandika mwenyewe, atatoa macho.

Basi al-Jarim na mwenzake walilitatua hilo. Walilolitatua ni tatizo la mtoto wa Kimisri, ambaye Kiarabu anakisikia tangu mimbani na anachokosa ni kukipanga. Wanafunzi wetu wanaingia darasani wakiwaza kwa Kiswahili, na hapo ndipo kitabu kinapoanza kumwachia mwalimu kazi ambayo hakikumwambia kuwa ipo.

Chukua somo la kwanza kabisa, la jumla mufida, sentensi inayokamilika maana. Mfano wa kwanza una maneno mawili: al-bustanu jamilun. Bustani ni nzuri. Mjadala unaeleza vizuri kwamba neno moja peke yake halikupi habari kamili, na mawili yakikaa pamoja unaipata. Safi. Lakini binti mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha kidole: "Ustadhi, na 'ni' yake iko wapi?" Jirani yake akamjibu kwa niaba yangu kwamba imefichwa, akaja ubaoni akaichomeka "huwa" ya Kiarabu, yaani "yeye", katikati, al-bustanu huwa jamilun, na nusu ya darasa ikaridhika.

Kitabu hakina neno juu ya hilo, na hakiwezi kuwa nalo, maana mtoto wa Kimisri hajawahi kuitafuta "ni" maishani mwake. Nilichofanya, na ndicho ninachokifanya hadi leo, ni kufuta ubao na kuandika mistari miwili tu:

bustani nzuri: al-bustanu l-jamilu

bustani ni nzuri: al-bustanu jamilun

Kisha nanyamaza. Kunyamaza huku ni nusu ya somo, na walimu wengi hawakuwezi. Lazima mtu mmoja aione: Kiswahili kimeongeza "ni", Kiarabu kimeivua "al" kwenye neno la pili. Wakishaiona wanataka kuijaribu kwa kila kitu kilichomo darasani, mlango, dirisha, kiti, na wewe unabaki kusahihisha msamiati tu. Mubtadaa (neno linaloanza) na khabari (habari yake) kama istilahi huja baada ya hapo, na zikija zinakuta mahali pa kukaa. Kwa hiyo mbinu ni ileile ya kitabu, mifano kwanza, isipokuwa mifano inatakiwa iwe jozi zinazoanika pale Kiarabu na Kiswahili vinapoachana. Ukiisoma ile iliyochapishwa peke yake, mingi inapita juu ya vichwa.

Sasa lawama yangu kubwa. Katika somo hilohilo la mwanzo kuna Ali anayenusa waridi na Muhammad anayechuma ua. Sentensi nzuri, za adabu, zinavutia. Kwa kufundishia faili na maf'ulu bihi, yaani mtendwa, hazifai. Waridi halinusi mtu! Mtoto akiulizwa nani kafanya na nani kafanyiwa, anajibu sawasawa bila kuitazama dhumma wala fat-ha, zile u na a za mwisho wa neno, kwa sababu maana ya maneno imeshamjibia. Utatoka darasani ukiamini wameelewa alama za mwisho, kumbe wameelewa maua.

Na alama za mwisho ndio mlima wenyewe kwa Mswahili. Nomino ya Kiswahili haibadiliki mkia kwa kuwa imetenda au imetendwa, nafasi ndiyo inayosema. Ukiandika Zaid alimsaidia Khalid, kisha ukabadilisha majina nafasi, umebadilisha habari. Mwanafunzi anaubeba mwenendo huo hadi kwenye Kiarabu na kuziona vokali za mwisho kama mapambo. Anazisoma kwa sauti nzuri, kwa sababu amezoea kusoma Kurani kwa makini, lakini hazimwambii chochote.

Dawa yake ni watu wawili wanaoweza kutendana. Wanazuoni wa zamani walilijua hili, ndiyo maana Zaid kampiga Amri karne nenda karne rudi kwenye vitabu vyao. Mimi nimewapatanisha: Zaid anamsaidia Khalid. Naandika kadi tatu kubwa, nasara, Zaydun, Khalidan, nawapa wanafunzi watatu wasimame mbele. Nasara Zaydun Khalidan. Nani kasaidia? Zaid. Wahamishe: nasara Khalidan Zaydun. Nani kasaidia? Hapo darasa linagawanyika, na ninaliacha ligawanyike. Wengi wanasema Khalid, kwa sababu Kiswahili ndivyo kinavyowaambia. Kisha mtu anagundua kwamba Zaydun hajabadilika mkia ingawa amehama, na ule mkia ndio unaobeba kazi. Mpeleke Khalidan mwanzo kabisa wa sentensi, bado yeye ndiye aliyesaidiwa.

Wakishashika, nawatolea kadi nyingine mbili: Musa na Isa. Nasara Musa Isa. Majina haya yanaishia alifu maqsura, hayaonyeshi dhumma wala fat-ha. Nani kamsaidia nani? Wananahau wanasema hapa anayetangulia ndiye faili, lazima, kwa kuwa hakuna alama nyingine ya kumtambua. Wanafunzi huwa wanacheka, maana Kiarabu ghafla kimekuwa Kiswahili: mpangilio umerudi kazini siku ambayo mikia haionekani. Baada ya zoezi hilo sihitaji tena kuwaeleza vokali za mwisho zina faida gani. Mfano kama huo ningependa uwemo katika juzuu ya kwanza, na kwa kuwa haumo, mwalimu uuweke mwenyewe.

Kuna sehemu nyingine ambako Kiswahili ni mtaji, na huwa nashangaa walimu wanavyoufukia. Na'ti, kivumishi, kinamfuata mwenziwe katika mambo manne: idadi, jinsia, kuwa na "al" au kutokuwa nayo, na alama ya mwisho. Mwanafunzi wa Kiingereza ukimwambia hivyo anakata tamaa. Wa kwetu anasema kitabu kipya, vitabu vipya, mti mpya, mayai mapya, tangu hajajua kusoma. Upatanisho wa ngeli uko damuni mwake. Naanza somo la na'ti kwa dakika kumi za Kiswahili kitupu, nawaacha wajione walivyo mafundi wa kufuatisha, kisha ndipo naingiza kitabun jadidun, sayyaratun jadidatun.

Halafu inakuja ile kanuni inayowachosha wengi: wingi wa visivyo na akili huchukuliwa kama umoja wa kike. Tullabun jududun, wanafunzi wapya, lakini kutubun jadidatun. Darasa linanung'unika. Hapo nawauliza: kifaru ni wa ngeli gani kwa sura yake? Ki-vi. Mbona basi mnasema kifaru mkubwa amelala, hamsemi kifaru kikubwa kimelala? Kwa sababu ana uhai. Kumbe hata Kiswahili kinaiweka pembeni sura ya nomino na kuangalia inataja nini. Kimechora mstari kati ya chenye uhai na kisicho nao. Kiarabu kimeuchora kati ya mwenye akili na wengine wote. Mstari umesogea tu, na bado nasikia minong'ono, ila sasa ni ya watu wanaojadiliana.

Vivyo hivyo kwa fi'ili mudhariu, kitenzi cha wakati uliopo na ujao. Juzuu ya kwanza inaingia mapema kwenye nasbu, yale maneno "an", "lan" na wenzake yanayoibadilisha dhumma ya mwisho wa kitenzi kuwa fat-ha. Walimu huogopa kwamba ni mapema mno. Si mapema. Anakwenda, nataka aende. Mkia wa kitenzi cha Kiswahili umebadilika kwa ajili ya neno lililotangulia, na hakuna aliyewahi kulia kwa hilo. Yadhhabu, uridu an yadhhaba. Hapa nakivulia kitabu kofia, waandishi walikuwa na ujasiri wa kupanga masomo kwa jinsi lugha inavyotumika, hawakusubiri mtoto amalize majedwali yote ya vitenzi kwanza.

Mazoezi ndiyo hazina yake. Si maswali ya kuzungushia jibu. Kinakuambia: weka faili inayofaa hapa, tunga sentensi ambamo neno hili litakuwa maf'ulu bihi, halafu geuza, ambamo litakuwa mubtadaa. Kwenye somo la kana, yaani "ilikuwa", kinaweka sentensi tupu upande mmoja na ileile ikiwa na kana upande wa pili, macho yenyewe yanasoma kilichobadilika. Mimi nimeichukua fikra hiyo nikaivuta mbele: sentensi moja inatembea na darasa muhula mzima. Al-bustanu jamilun. Kana l-bustanu jamilan. Inna l-bustana jamilun. Kila mlango mpya wa nahau ukifunguliwa, tunairudisha bustani yetu tuone itavaa nini. Kana na inna (neno la kutilia mkazo) huwachanganya wanafunzi kila mahali, ukiwafundisha kwa kukariri "hii inarafaa, ile inanasibu", hii inatia dhumma, ile fat-ha, watazibadilisha siku ya mtihani. Sentensi ileile ikiwa ubaoni mara tatu, moja chini ya nyingine, hawazibadilishi sana.

Ninachokipunguza ni mazoezi ya i'rabu. Kitabu kinatoa kielelezo, kisha kinakutaka uchambue sentensi kwa namna ileile: hili ni mubtadaa, marfuu, alama yake dhumma. Kwa mwanafunzi mkubwa ni sawa kabisa. Kwa mtoto, baada ya wiki chache inageuka wimbo. Nimesikiliza watoto wakiimba "wa alamatu rafihi dhumma dhahira" kwa neno lenye kasra, vokali i, waziwazi. Mahali pa wimbo huo ninawapa mistari mitatu ya maandishi ambamo vokali za ndani nimeziweka mimi na za mwisho nimezifuta. Kazi yao ni kuzirudisha na kuniambia kwa Kiswahili, kwa maneno yao wenyewe, kwa nini hii na si ile. "Kwa sababu ndiye aliyefanya" ni jibu kamili kwangu mwaka wa kwanza. Istilahi nitaidai mwaka wa pili. Na nikisahihisha daftari nagusa kanuni ya wiki hiyo peke yake. Makosa mengine nayaona, yananikera, nayaacha. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto halisomi, analifunga.

Nirudi kwenye zile nyota mbili za mwanafunzi. Kwanza, ile sehemu ya mjadala, ambayo ndiyo roho ya kitabu, imeandikwa kwa Kiarabu cha mtu mzima. Mwanafunzi anayejifunza faili ni nini hawezi kusoma aya nzima inayomweleza faili ni nini. Mjadala huo ni maandalizi ya mwalimu: usome usiku, ugeuze maswali, uende nayo darasani kwa mdomo. Pili, msamiati unakuja kwa fujo. Kila somo lina majina ya ndege, mimea na zana ambayo hayatarudi tena, na mtoto anamaliza nguvu zake kwenye kamusi kabla hajaifikia nahau. Mimi hubadilisha nomino zote, nikatumia zile ishirini au thelathini wanazozijua, na sentensi inabaki na umbo lake. Mfano wa mitende kuwa mingi Misri unaweza kubaki, hausumbui mtu. Tatu, hakuna mazungumzo hata chembe. Hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Kwa hilo Durus al-Lugha al-Arabiyya cha Dkt. V. Abdur Rahim, kilichotungwa kwa ajili ya wasio Waarabu katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kinamfaa zaidi mwanafunzi. Kinaanza na "hadha baytun", hii ni nyumba, swali na jibu, na nahau inapenya polepole bila kelele. Ningekuwa na ruhusa ya kuwawekea wanafunzi kitabu kimoja mkononi, ningewapa hicho, na An-Nahw al-Wadih kikabaki kwangu kuniambia somo gani lifuate lipi.

Neno kuhusu chapa, maana watu hununua bila kufungua. Kitabu hiki kimechapwa tena na tena na wachapishaji wengi, na nyingine ni picha za chapa kongwe ambazo wino umeshaliwa. Fungua ukurasa wowote wa mifano, tazama kama unaweza kutofautisha dhumma na fat-ha bila kukunja uso. Ukikwama kwenye neno la pili, rudisha. Kwenye kitabu cha historia wino hafifu ni usumbufu, kwenye kitabu cha nahau umenunua kitabu kisicho na somo. Nakala za kielektroniki zilizopigwa picha zina ugonjwa huohuo, ingawa angalau unaweza kuzikuza. Nunua chenye karatasi nyeupe na nafasi kati ya mistari, kwa sababu utaandika humo: jozi zako za Kiswahili, nomino ulizobadilisha, na maswali waliyokuuliza mwaka jana.

Anza na juzuu ya kwanza ya msingi, na usikimbie. Ya pili inayarudia baadhi ya mambo kwa kina zaidi, kwa hiyo usitake kumaliza kila kipengele cha faili kwenye somo la faili. Za sekondari ziweke kabatini mpaka wanafunzi wako waweze kusoma ukurasa wa hadithi usio na vokali. Mimi huzifungua wakati yule binti wa mstari wa mbele ameuliza jambo ambalo za msingi hazikuligusa, na ameshaniuliza mengi.